Mariamu, Mama wa Bwana

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Luka 1:26-56, Mathayo 1:18-25, Luka 2:1-52, Yohana 2:1-11, Marko 3:20-35, Yohana 19:25-27, Matendo 1:12-14.

Fungu la Kukariri: Luka 1:38.

Katika Agano Jipya ni mtu mmoja tu anayetajwa kuwapo Yesu alipozaliwa, alipotundikwa msalabani, na tena katika chumba cha juu wanafunzi walipokuwa wakimngoja Roho Mtakatifu. Petro hakuwapo Bethlehemu. Yusufu hatajwi Golgotha. Wachungaji waliiona hori wakarudi makondeni. Ni Mariamu wa Nazareti pekee anayeonekana tangu mwanzo hadi mwisho.

Hata hivyo, katika makanisa mengi ya Kiprotestanti jina lake halisikiki sana, isipokuwa Desemba inapokaribia. Sababu yake inaeleweka. Kwa karne nyingi Wakristo wengi wamemwelekezea Mariamu maombi ambayo Biblia haikufundisha aelekezewe. Kwa kuliogopa kosa hilo, wengine wameona ni salama zaidi kunyamaza. Lakini kunyamaza si sawa na kushukuru. Luka aliandika kwamba vizazi vyote vitamwita Mariamu mbarikiwa (Luka 1:48), na kizazi hiki ni kimojawapo.

Somo la juma hili linafuata maisha ya mwanamke huyu kama Biblia inavyoyaeleza, bila kuongeza na bila kupunguza. Je, Mungu alimwomba nini? Ilimgharimu nini kuitika? Na Mkristo anawezaje kumshukuru Mungu kwa ajili ya mama wa Mwokozi, bila kumpa mama huyo heshima ambayo ni ya Mwana peke yake?

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Binti wa Nazareti

Nazareti kilikuwa kijiji kidogo katika vilima vya Galilaya. Hakitajwi hata mara moja katika Agano la Kale, na Nathanaeli aliposikia habari za Masihi aliyetoka huko hakuficha mashaka yake (Yohana 1:46). Katika kijiji hicho aliishi msichana aliyeposwa na Yusufu, mtu wa ukoo wa Daudi. Biblia haitaji umri wake, sura yake, wala mali ya nyumba yao. Inataja jina lake, kijiji chake na uposo wake, basi.

Soma Luka 1:26-38. Linganisha jinsi Mariamu alivyolipokea neno la malaika na jinsi Zakaria alivyolipokea katika Luka 1:11-20. Tofauti yao ilikuwa wapi?

Miezi sita kabla ya hapo, Gabrieli alikuwa amemtokea Zakaria ndani ya hekalu, kando ya madhabahu ya kufukizia uvumba. Zakaria alikuwa kuhani, mzee mwenye kuyajua Maandiko, naye alikuwa akisimama mahali patakatifu kabisa kuliko pote alipopata kusimama. Lakini hakuamini, akawa bubu. Kisha malaika yuleyule akatumwa kwa msichana wa kijijini, asiye na cheo wala elimu ya makuhani. Msichana naye aliuliza swali. Hakukemewa, kwa sababu swali lake halikuwa la kutaka ishara kwanza ndipo aamini. Aliamini, ila akataka kujua jambo hilo litakuwaje. Malaika alipomweleza kwamba ni kazi ya Roho Mtakatifu, alijiita mtumwa wa Bwana, akakubali.

Ni rahisi kulisoma jibu hilo haraka na kusahau gharama yake. Kwa Wayahudi, uposo uliwafunga wawili hao kisheria, hata kabla hawajakaa pamoja. Kuuvunja kulihitaji talaka. Torati iliweka adhabu ya kifo kwa msichana aliyeposwa akazini na mwanamume mwingine (Kumbukumbu la Torati 22:23, 24). Mariamu alikuwa anajua kwamba mimba haifichiki. Gabrieli hakwenda kuzungumza na wazee wa Nazareti. Hakwenda kwa Yusufu siku ile. Alikuja kwa Mariamu peke yake, akamweleza, akaondoka zake. Msichana akabaki na neno la Mungu bila shahidi hata mmoja.

Alipoitika, hakuwa anajua kama Yusufu angemwamini. Hakuwa anajua kama angeishi. Hakuahidiwa kwamba kijiji kitamwelewa, na hakuna mahali Injili zinaposema kwamba kiliwahi kumwelewa. Alilokuwa nalo ni neno la Yule aliyemtuma malaika, nalo likamtosha.

Ni lini utii kwa Mungu uliwahi kukuweka katika hatari ya kueleweka vibaya na watu wako wa karibu? Ulishikilia nini wakati huo?

JUMATATU

Wimbo Milimani

Soma Luka 1:39-56. Elisabeti alimshukuru nani, na Mariamu aliielekeza wapi shukrani ile?

Gabrieli alikuwa amemdokezea Mariamu kwamba Elisabeti, jamaa yake, alikuwa na mimba ya miezi sita katika uzee wake. Mariamu hakukawia. Aliondoka akaenda katika nchi ya milima, mpaka mji mmoja wa Yuda. Kutoka Galilaya hadi huko ni safari ya siku kadhaa kwa miguu. Alihitaji mtu mmoja ambaye angeweza kusikia habari yake asimcheke, na Mungu alikuwa amekwisha kumwandaa mtu huyo.

Hakuhitaji hata kujieleza. Alipotoa salamu tu mlangoni, mtoto akaruka ndani ya tumbo la Elisabeti, na mwanamke yule mzee akajazwa Roho Mtakatifu. Alimtaja Mariamu kuwa aliyebarikiwa, akamwita mama wa Bwana wake. Hii ndiyo shukrani ya kwanza kutolewa na mwanadamu kwa ajili ya mama wa Mwokozi, nayo haikutokana na hisia za kibinadamu tu, kwa maana Luka anasema wazi kwamba Roho ndiye aliyemjaza aliyeitoa. Kwa hiyo hakuna Mkristo anayepaswa kuona haya kuirudia. Angalia pia sababu aliyoitoa Elisabeti: Mariamu ana heri kwa kuwa aliamini kwamba yaliyonenwa na Bwana yatatimizwa (Luka 1:45).

Mariamu alifanya nini na sifa hizo? Hakuzikataa kwa unyenyekevu wa bandia, wala hakuzikumbatia. Alizipandisha juu. Wimbo alioutoa unamwadhimisha Bwana tangu mwanzo hadi mwisho. Ndani yake anamwita Mungu Mwokozi wake (Luka 1:47). Neno hilo moja linafundisha mengi. Mama wa Mwokozi alijua kwamba yeye naye anahitaji Mwokozi, kama binti mwingine yeyote wa Hawa.

Wimbo huo pia unaonyesha alivyolelewa. Umejaa mwangwi wa maombi ya Hana katika 1 Samweli 2 na lugha ya Zaburi. Msichana huyu hakuwa na magombo nyumbani kwake, kwa maana yalikuwa ya thamani kubwa; lakini alikuwa amesikiliza yaliposomwa, akayashika moyoni hata yakawa maneno yake mwenyewe. Aliimba habari za Mungu anayewashusha wenye nguvu na kuwainua wanyonge, anayewashibisha wenye njaa, anayekumbuka agano lake na Ibrahimu. Si wimbo wa mtu mnyonge asiyejua linalotendeka duniani. Herode alikuwa angali katika kiti chake cha enzi ulipoimbwa.

Alikaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu, kisha akarudi kwao. Mimba ilikuwa karibu kuonekana. Yusufu alipojua, alikusudia kumwacha kwa siri ili asimwaibishe, maana alikuwa mtu wa haki. Ndipo Bwana akasema naye katika ndoto, naye akamchukua Mariamu kuwa mkewe (Mathayo 1:18-25). Kwa kitendo hicho Yusufu alikubali kuibeba aibu pamoja naye.

Mtu akikusifu kwa jambo ambalo Mungu amelitenda kupitia kwako, unaweza kujifunza nini kutoka kwa Mariamu kuhusu namna ya kujibu?

JUMANNE

Hua Wawili na Upanga

Soma Luka 2:1-39 pamoja na Walawi 12:6-8. Sadaka ya Mariamu inaonyesha nini kuhusu hali ya nyumba aliyozaliwa Yesu?

Amri ya Kaisari Augusto iliwatoa Yusufu na Mariamu Nazareti ikawapeleka Bethlehemu, umbali wa zaidi ya kilomita 100, wakati mwanamke alikuwa karibu kujifungua. Mtoto alizaliwa, akavikwa nguo za kitoto, akalazwa horini kwa kuwa hawakupata nafasi. Mama yake ndiye aliyemvika na ndiye aliyemlaza. Luka hamtaji mkunga wala jamaa wa kumsaidia.

Wachungaji walipokuja na habari ya malaika, wote waliosikia walistaajabu. Mariamu aliyaweka yote hayo akiyafikiri moyoni mwake. Luka analiandika jambo hilo mara mbili katika sura moja (Luka 2:19, 51). Mwanzoni mwa Injili yake anasema alichunguza habari zake kutoka kwa watu walioyashuhudia tangu mwanzo. Tujiulize basi: wakati Gabrieli alipokuja Nazareti, nani mwingine alikuwapo? Yaliyowekwa moyoni na mama mmoja hatimaye yalilifikia kanisa lote. Mtu anayeusoma mwanzo wa Injili ya Luka anakula matunda ya kumbukumbu ambayo Mariamu pekee angeweza kuitunza.

Siku 40 baada ya kuzaliwa kwa mwana, mama alitakiwa na sheria kutoa mwana-kondoo kwa sadaka ya kuteketezwa, pamoja na kinda la njiwa au hua kwa sadaka ya dhambi. Kama mali yake haikutosha kumpata mwana-kondoo, aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anaitaja sadaka ile ya ndege wawili. Mikononi mwake Mariamu alikuwa amembeba Mwana-Kondoo wa Mungu, lakini hakuwa na fedha ya kumnunua mwana-kondoo wa zizini.

Siku ileile walikutana na Simeoni, mzee aliyekuwa akiingoja faraja ya Israeli. Alimpokea mtoto, akamsifu Mungu. Kisha akamgeukia mama na kumwambia neno ambalo hakuna mzazi angependa kulisikia siku ya furaha: upanga utaingia moyoni mwake. Naye Ana, nabii wa kike, mjane wa miaka 84, akatokea saa ileile akishukuru. Katika siku moja Mariamu alisikia sifa na uchungu, vyote kutoka kwa Mungu yuleyule.

Upanga haukukawia. Baada ya mamajusi kuleta dhahabu, uvumba na manemane, Yusufu aliamriwa katika ndoto akimbilie Misri usiku. Nyuma yao Bethlehemu, Herode aliwaua watoto wa kiume wenye umri wa miaka miwili na walio chini ya hapo (Mathayo 2:13-18). Mama wa Mwokozi akawa mkimbizi katika nchi ya kigeni, mtoto akiwa mgongoni au kifuani. Waliporudi, hofu ya Arkelao iliwafanya wapite Uyahudi wasikae huko, wakarudi katika kijiji kilekile cha Nazareti.

Kuwa mteule wa Mungu hakukumwondolea Mariamu umaskini, ukimbizi wala machozi. Jambo hili linasema nini kwa wale wanaofundisha kwamba kibali cha Mungu huonekana kwa mali na raha?

JUMATANO

Mama Aliyejifunza

Soma Luka 2:41-52, Yohana 2:1-11 na Marko 3:20-35. Katika kila tukio, Mariamu alijifunza nini kuhusu Mwanawe?

Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12, wazazi wake walipanda naye kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Wakati wa kurudi walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani yumo msafarani. Walipomkosa kati ya jamaa, walirudi wakimtafuta, na baada ya siku tatu wakamwona hekaluni katikati ya walimu. Mariamu alimweleza uchungu wao. Mtoto akawakumbusha, kwa upole, juu ya Baba mwingine ambaye kazi zake zilimpasa. Hawakulielewa neno hilo. Luka anasema hivyo waziwazi. Mama aliyezungumza na malaika hakuelewa yote, akaendelea kutafakari. Naye Yesu alishuka pamoja nao akawatii, miaka mingi, katika kazi za kila siku za nyumba ya seremala.

Baada ya hapo Yusufu hatokei tena katika matukio ya Injili. Watu wa Nazareti walipomkataa Yesu, walimwita mwana wa Mariamu (Marko 6:3).

Kwenye arusi ya Kana, divai ilipowatindikia, Mariamu alimletea Yesu habari hiyo. Jibu lake lilikuwa la heshima, lakini liliweka mpaka: saa yake ilikuwa mikononi mwa Baba, si mikononi mwa mama. Mariamu angeweza kununa. Badala yake aliwageukia watumishi, akawaagiza wafanye lolote atakalowaambia. Mabalasi sita ya mawe yakajazwa maji hadi juu, na Yesu akafanya ishara yake ya kwanza. Baada ya agizo hilo, Biblia haiandiki tena neno lolote lililotoka kinywani mwa Mariamu. Maneno yake ya mwisho tuliyonayo yanawaelekeza watu kumtii Mwanawe.

Njia haikuwa nyoofu. Marko anaeleza kwamba watu wa jamaa yake Yesu walitoka kwenda kumkamata, wakidhani amerukwa na akili. Muda mfupi baadaye mama yake na ndugu zake walisimama nje ya nyumba wakituma aitwe. Yesu aliwatazama waliomzunguka, akasema kwamba yeyote afanyaye mapenzi ya Mungu ndiye ndugu yake, na dada yake, na mama yake. Ilimpasa Mariamu, aliyesimama nje, kupitia mlango uleule wanaoupitia wote. Kumzaa Yesu hakukutosha. Alihitaji kumfuata.

Siku nyingine mwanamke mmoja katika mkutano alipaza sauti kulisifu tumbo lililomzaa Yesu (Luka 11:27, 28). Yesu alielekeza heri ile kwa wale walisikiao neno la Mungu na kulishika. Je, alimshusha mama yake? La. Katika Injili hiyohiyo ya Luka, Mariamu ndiye aliyelisikia neno la Mungu akakubali litendeke kwake. Yesu hakukanusha kwamba mama yake ana heri. Alionyesha heri hiyo inatoka wapi, na jinsi kila msikilizaji anavyoweza kuipata.

Kuna mzazi ambaye mtoto wake ameitikia wito wa Mungu kwa namna asiyoielewa. Mfano wa Mariamu unamfundisha nini?

ALHAMISI

Msalabani na Katika Chumba cha Juu

Soma Yohana 19:25-27 na Matendo 1:12-14. Mariamu alipoteza nini Golgotha, na alipata nini Yerusalemu?

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wanafunzi wengi walikuwa wamekimbia. Wanawake wachache walisimama penye msalaba, na miongoni mwao Yohana anamtaja kwanza mama yake Yesu. Mikono aliyoishika ikijifunza kutembea ilikuwa imepigiliwa misumari. Askari waliyagawana mavazi yake mbele ya macho ya mama huyo. Neno la Simeoni, lililosemwa zaidi ya miaka 30 nyuma, sasa lilikuwa linatimia.

Angeweza kukataa kwenda pale. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikwenda, akasimama. Yohana hasemi kwamba alizimia au kwamba alipiga kelele. Anasema tu kwamba alikuwa amesimama. Hakuwa na uwezo wa kumshusha Mwanawe. Hakuwa na sehemu katika malipo ya dhambi, maana Yesu aliukanyaga shinikizo peke yake. Alichoweza kutoa ni uwepo wake, naye akautoa.

Katikati ya maumivu, akibeba dhambi za ulimwengu, Yesu alimwona. Alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi huyo akamchukua nyumbani kwake. Ndivyo amri ya tano ilivyotimizwa juu ya msalaba. Mwokozi wa ulimwengu hakuona kwamba kazi ya wokovu ni kubwa mno hata asihangaikie mahali mama yake atakapolala. Mtu anayedai kwamba utumishi wa Mungu umemnyima muda wa kuwatunza wazazi wake na asimame hapa kidogo.

Upanga haukuwa mwisho. Baada ya Yesu kupaa mbinguni, wanafunzi walirudi Yerusalemu, wakapanda katika chumba cha juu. Luka anawataja mitume 11, pamoja na wanawake, na Mariamu mama yake Yesu, na ndugu zake. Wale ndugu ambao hapo kwanza hawakumwamini (Yohana 7:5) sasa walikuwa wakiomba pamoja. Kwa mama, ni furaha iliyoje! Kundi lilikuwa la watu wapata 120.

Angalia nafasi yake katika chumba kile. Hakukalishwa kwenye kiti cha heshima. Hakuna aliyemwomba amfikishie Mwanawe maombi. Alipiga magoti na wengine, akaomba pamoja nao, akiingoja ahadi ileile. Roho aliyemfunika kwa kivuli huko Nazareti akiwa peke yake, sasa alikuja kuwajaza watu wote waliokuwamo. Baada ya fungu hilo, Maandiko hayamtaji tena kwa jina.

Kuna mama mzee, wa kwako au wa kanisani, anayehitaji mtu wa kumchukua nyumbani kwake leo, kwa njia yoyote ile? Utafanya nini juma hili?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Kimya cha Maandiko juu ya miaka ya mwisho ya Mariamu kilijazwa taratibu na mapokeo. Mwaka 431 baraza la kanisa lilikutana Efeso, likamthibitishia Mariamu jina la Mzazi wa Mungu. Mabishano yale yalihusu kwanza nafsi ya Kristo, kwamba aliyezaliwa alikuwa Mungu kweli na mwanadamu kweli. Lakini kadiri miaka ilivyopita, macho ya wengi yalihama kutoka kwa Mwana kwenda kwa mama. Mwaka 1854 Papa Pius IX alitangaza kuwa ni fundisho la imani kwamba Mariamu alitungwa mimba bila doa la dhambi ya asili. Mwaka 1950 Papa Pius XII akatangaza kwamba alipalizwa mbinguni mwili na roho. Kati ya kitabu cha Matendo na matangazo hayo mawili kuna zaidi ya miaka 1,700, na hakuna fungu la Biblia linaloyafundisha.

Waadventista wa Sabato wanaamini kwamba Mariamu, kama Daudi na watakatifu wengine, amelala katika mauti akingoja sauti ya Mwanawe asubuhi ya ufufuo (Mhubiri 9:5, 1 Wathesalonike 4:16). Haoni mishumaa inayowashwa mbele ya sanamu yake, wala hasikii maombi. Mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja (1 Timotheo 2:5), naye si mgumu wa moyo hata ahitaji kubembelezwa na mama yake. Kuhani Mkuu huyo anaujua udhaifu wetu (Waebrania 4:15, 16), kwa sababu aliuvaa mwili wetu alipozaliwa na mwanamke (Wagalatia 4:4).

Lakini wanaokataa makosa hayo wasimkatae na mama mwenyewe. Martin Luther, aliyeyapinga mengi ya kanisa la wakati wake, aliandika maelezo ya wimbo wa Mariamu mwaka 1521, akimheshimu kuwa mfano wa jinsi neema ya Mungu inavyomfikia mtu wa hali ya chini. Inawezekana, basi, kushukuru bila kuabudu.

Shukrani hiyo ina sura gani? Kwanza, inamwendea Mungu. Mkristo humshukuru Baba kwa kumtayarisha binti aliyeamini, kama vile humshukuru kwa ajili ya Ibrahimu au Esta. Pili, inasema ukweli: inataja uposo uliohatarishwa, hua wawili, usiku wa kukimbilia Misri, na kusimama penye msalaba. Tatu, inatii. Agizo alilolitoa Mariamu Kana lingali linangoja wa kulitekeleza. Anayefanya lile analoambiwa na Yesu amemheshimu mama yake kuliko anayepamba sanamu yake kwa maua ya kila msimu.

Siku moja makaburi yatafunguka. Miongoni mwa watakaoamka yumo mwanamke wa Nazareti ambaye mara ya mwisho Injili inapomwonyesha karibu na Mwanawe, alikuwa akiitazama miiba kichwani pake. Atakayemwona akija mawinguni amevaa taji ya utukufu ni Yuleyule. Hapo Mariamu hatahitaji kuweka jambo lolote moyoni na kulitafakari, kwa maana atamwona uso kwa uso, pamoja na wote waliolisikia neno la Mungu wakalishika.

Maswali ya Kujadili:

1. Kama msichana mwenye habari kama ya Mariamu angeingia katika kanisa lenu Sabato ijayo, angepokelewa na nani kama Elisabeti? Nani angemfikiria kama Yusufu alivyofikiri kabla ya ndoto? Kanisa linawatendeaje wasichana wanaoshika mimba kabla ya ndoa, na ni mambo gani yanayohitaji kubadilika?

2. Wengi wana wazazi, majirani au wenzi wa ndoa wanaomwomba Mariamu. Ni mambo gani mazuri kuhusu Mariamu ambayo mnakubaliana nao? Mnawezaje kuanzia hapo, kwa upendo, kuonyesha kwamba Yesu anafikika moja kwa moja?

3. Mariamu hakuelewa yote, na katika Marko 3 alionekana amesimama nje. Jambo hilo linawatia moyo vipi wale ambao imani yao inakua polepole?

4. Jadilini katika darasa jinsi Yesu alivyomtunza mama yake akiwa msalabani. Je, kuna wajane na akina mama wazee katika kanisa lenu wasio na wa kuwatunza? Pangeni jambo moja mtakalolifanya pamoja kabla ya Sabato inayofuata.